Kiganja Nyuma ya Mlango

Koboko, 9 Machi 1974

Kaka Nasur,

Salamu zako zimefika, pamoja na amri yako. Mama ni mzima, goti tu linamsumbua. Mihogo ya shamba la Lobule tumeshavuna.

Unataka niache kujifunza kupiga lipu kwa Fundi Saturnino, kwa kuwa askari wenzako kambini watakucheka wakisikia dada yako anapanda ngazi na mwiko mkononi. Ile nyumba ya udongo tulimozaliwa, nani aliikandika? Mama, kwa mikono yake, na hakuna aliyecheka.

Kosa langu lilikuwa kudhani saruji ni kama ule udongo. Siku ya kwanza niliipaka kwa viganja, ngozi ikababuka yote. Fundi akaniambia, "Dada, hii si udongo. Hii nakula mukono." Nikamjibu, "Basi nifundishe mwiko." Sasa ni mwaka wa pili.

Mwezi uliopita uliwaleta wenzako kuona nyumba yako mpya. Mama anasema ulipapasa ukuta wa sebule ukawaambia, "Saturnino anajua kazi." Kaka, wakati ule wa lipu Saturnino alikuwa amelazwa hospitali ya Kuluva. Kuta zile nilizipiga mimi, zote, hata za chumba chako.

Ukija tena, tazama nyuma ya mlango wa chumba hicho. Lipu ikiwa mbichi niliacha alama ya kiganja changu, kama Mama afanyavyo akimaliza kukandika. Ukitaka niache kazi hii, anza kwa kubomoa hapo.

Jumatatu naanza nyumba nyingine, Arua.

Mdogo wako, mwenye mikono migumu,
Kaltumu