Mama, Si Kimakonde Chako

Mama,

Shikamoo. Mazoea hayo, najua hutaitika.

Nina habari, nayo imechelewa. Jana nimempeleka Zuhura wangu kwa mtaalamu wa lugha na matamshi ya watoto. Kamchezesha, kampa picha asimulie, kamsikia anavyokata maneno: "Paka kula samaki. Mie enda." Nikamuuliza lile lililoniganda moyoni: je, ni Kimakonde cha bibi yake? Akatikisa kichwa. Akasema mtoto aliyezaliwa na shida hii ya kupanga maneno angelelewa kwa Kiswahili tupu, kwa Kimakonde tupu, hata kwa Kichina, angejikwaa tu, ila kila lugha ina mahali pake pa kumwangushia.

Mama, hukumharibu mjukuu wako. Nililia pale pale, mbele ya mgeni.

Wifi ndiye aliyeanza: "Bibi mtu ndiye anayemvuruga mtoto kwa kilugha chenu." Majirani wa hapa Vingunguti wakaitikia. Ukanyamaza. Wewe uliyekuwa ukimmenyea mihogo huku unamwimbia, ukabaki kumwonyesha vitu kwa kidevu. Na yeye akanyamaza nawe. Umeondoka ukiamini ni wewe. Hilo ndilo linalonikaba, Mama. Kifo ni cha wote, lakini hilo jamani!

Halafu kuna jambo hukuliona. Siku ya maziko, mtani wako Mzee Chande alijifunga khanga yako, akatembea akiburuta mguu kama wewe, akaiga Kiswahili chako cha Newala. Msiba mzima ukacheka, maana ndiyo kazi ya mtani. Zuhura angejuaje? Yeye kicheko anachokijua ni kile cha shuleni, cha wenzake kumkejeli akisema. Akasimama katikati ya jamvi: "Nyie cheka bibi yangu! Mie taki!"

Hata wifi aliinamisha uso. Mzee Chande akaivua ile khanga, akamfunika nayo mabegani. "Yaishe, mjukuu wangu." Mpaka leo analala nayo.

Mtaalamu kasema tusimnyime lugha yoyote ya nyumbani. Kimakonde changu unakijua, cha kuombea maji. Lakini kuanzia leo, nikikaa kumenya mihogo, nitamsimulia kwa hicho hicho. Akitaka anicheke. Na akikosea, akosee kwa sauti.

Pumzika sasa, mama yangu, Mungu akulaze pema. Usimwinamishie mtu kichwa huko uliko. Hukumkosea mtoto.

Mwanao,
Hadija