Mahindi Yetu ya Kasaji

Monique, rafiki yangu,

Niko stesheni ya Kolwezi, nimekalia gunia la nguo za Mama. Treni haijafika na hakuna anayejua itafika lini. Sisi wenye asili ya Kasai tumeambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Nilizaliwa hapa hapa, Musonoi, wewe unajua.

Profesa aliyetuahidi nafasi ya utafiti naye ni Mkasai. Aliondoka bila kumuaga mtu. Niliandika huku na huku, wengi kimya. Mwalimu mmoja wa huko Kasai ndiye aliyejibu: atanipokea nimalizie kazi yetu ya mahindi yanayovumilia ukame, mradi nifike na mbegu zilizo hai. Shamba analo, mbegu hana.

Basi baada ya kukuzika nilirudi Kasaji, shambani kwa mama yako. Nilifunika mahindi kwa mifuko ya karatasi kama tulivyozoea, ili chavua ya shamba la jirani isiingie. Ulikuwa ukinicheka, eti nafunga kama muuza chikwanga anavyofunga mkate wake wa muhogo kwa majani. Safari hii hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imechelewa, majirani wakaona zile karatasi, wakasema Mkasai anafunga mvua. Wanaume wakaja na mapanga. Niliogopa, Monique.

Mama yako akasimama mbele yangu. “Haya mahindi, batoto bangu babili ndjo balipanda,” akawaambia. “Mumoja alikufa. Huyu naye munamufukuza. Mi nitabakia na nani?”

Wakaondoka wakinung'unika. Mahindi yalipokomaa aliyavuna mwenyewe, hata kukauka vizuri bado, akanisindikiza hadi kwenye lori.

Sasa mbegu ziko katika begi langu la shule. Naogopa unyevu, naogopa wadudu, lakini njaa naiogopa zaidi. Watoto wa dada yangu wanashinda na maji tu. Jana Mama aligusa begi, akanitazama, akageuza uso.

Sitakudanganya. Treni ikizidi kuchelewa, tutapika. Tutaanza na mbegu za mistari yangu, vile vizazi vya mahindi nilivyovichagua mimi. Za mistari yako nimezifunga kiunoni, na nakuahidi nitamnyima yeyote atakayeziomba, hata mtoto.

Pumzika, dada. Niombee nisiombwe.

Ngalula