Mkono wa Kocha Endel

Sundbyberg, Uswidi, 4 Machi 2007

Baba mpenzi,

Mgongo unasemaje? Sisi tuzima, theluji tu ndiyo haijachoka.

Kaa kwanza. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo Mwestonia mrefu, Endel. Alikimbilia huku kwa mashua wakati wa vita akiwa kijana, akacheza mpira wa kikapu Stockholm miaka ya hamsini mpaka magoti yakakataa, kisha akaja huko Bujumbura kufundisha. Ndiyo, kocha wako. Jumamosi nampeleka mtaa wa Husby kufundisha timu yetu ya wasichana, akiwa amekaa kitini na bado anawatisha. Nilipotaja jina lako akasema, “Ludovic, namba saba. Alikuwa bora kuliko wote. Ila hakunyosha mkono.” Anakusalimu. Alimaanisha nini?

Bintiyo, Ariane

Bwiza, Bujumbura, 2 Aprili 2007

Mwanangu,

Mgongo haujambo. Mama yako anasema uvae soksi mbili.

Salamu hizo mrudishie. Sheria yake ilikuwa moja: ukicheza faulo, nyosha mkono mwenyewe, refa akuone asikuone. Fainali ya 1967 mchezaji wa timu pinzani alisukumwa akaanguka. Refa hakuona. Endel akanitazama akidhani ni mimi; sikunyosha mkono, akanitoa nje mimi nahodha, mama yangu akiona. Kombe likaenda. Mpaka leo wazee wa hapa wananilaumu.

Aliyesukuma ni marehemu Bertrand, aliyenisimamia harusi. Mwenzako wa timu humchongei. Usimwambie Endel, amechelewa.

Baba yako

Sundbyberg, 16 Septemba 2007

Baba,

Natumaini mko salama wote. Utanikasirikia: nimemwambia. Nililibeba jambo hili kiangazi kizima likanishinda.

Jana alisimamisha mazoezi. Akainuka, mkono mmoja kwenye fimbo, wa pili akaunyosha juu kabisa. Wasichana walicheka kidogo, wakaacha. Akasema, “Faulo ni yangu. Nilimtoa Ludovic bila kosa.” Mkono hakuushusha. Arielle, nahodha wetu, akaniuliza nani atampigia filimbi ya faulo hiyo. Nikamwambia si mimi.

Bintiyo, Ariane

Bwiza, 11 Oktoba 2007

Ariane mwanangu,

Hatujambo. Mvua imenyesha, kiwanja ni tope tupu. Nilimsomea mama yako barua yako, akalia. Mimi nilisema nimeingiwa na vumbi jichoni, akanicheka.

Enzi zetu mchezaji akishanyosha mkono, refa anaandika, basi, hakuna wa kumsuta tena. Mwambie Kocha nimeuona mkono wake. Aushushe sasa, asije akaumia bega, na wasichana waendelee kucheza.

Baba yako,
Namba Saba