Hirizi ya Musa

Awindiri, Jumapili, 1974

Na bado anajiita fundi! Shemeji Musa amekaa kwangu tena, anakunywa chai yangu na kumsifia Rajabu wangu ule mgodi wa urani wa Kongo alikochimba zamani za Wabelgiji. Jiwe la huko, la manjano, amelivaa shingoni kama hirizi.

"Mama Rajabu, jiwe hili lilichoma mji mzima Japani."

"Na wewe limekuchoma kifua," nikamwambia. Anakohoa kama mbuzi.

Wazungu walipoondoka waliziba mgodi kwa simiti. Musa anataka akauvunje na Rajabu, kwa siri, wauze mawe. Pumbavu! Mwenye mali anaifungia kwa kufuli, si kwa simiti.

Lakini Rajabu alikuwa anasikiliza. Naogopa, basi. Mtoto iko huyo mmoja tu.

Alasiri Musa akaenda kutawadha, akaacha hirizi kwenye mkeka. Nikaitupa kwenye shimo la choo.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko shimoni. Si wewe mchimbaji? Shuka, Rajabu atakushikia taa."

Rajabu akacheka mpaka akakaa chini. Leo ndiyo nimekula vizuri, tangu huyo mutu afike.