Utambulisho wa Besi

Jumapili, 14 Oktoba 2018

Nimesoma ripoti za mtandaoni kabla ya chai. Mmoja katukana, nimemfungia. Mwingine kaleta mahubiri ya moto wa milele, nimemfungia pia. Miguu imevimba hadi magotini. Mwende ameitazama, akaenda zamu yake hospitalini hapa Doha bila kusema neno. Binti yangu ni nesi. Akinyamaza hivyo, najua.

Seva yetu, yaani mtandao wetu wenyewe wa kijamii, ni ndogo. Ni wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, watu wa kwetu, wengi wako huku Ghuba. Walinzi, mayaya, madereva. Aliyeianzisha ni mwanafunzi wangu wa zamani, yuko Nairobi. Aliniomba niisimamie pamoja na Tindi, mpishi wa nyumba moja huko Umm Salal, nje ya Doha. Alinikumbuka kama mwalimu ambaye hakumchapa. Wananiita Shosho, yaani bibi. Hawajui zaidi ya hapo.

Leo amejiunga mlinzi anayeishi Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, anajiita Besi. Nimemwambia ninavyowaambia wote: jitambulishe, kwenu wapi, unafanya kazi gani, unapenda nini. Watu wasiosalimiana vizuri hawawezi kuishi pamoja. Ameandika vizuri mno. Kwao ni karibu na Kapsabet, kitinda mimba wa mama muuza maziwa. Analinda mlango wa jengo la maduka. Anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa, ambalo huku husali Ijumaa. Nimelibandika chapisho lake juu kabisa ili wengine waige. Darasani nilikuwa nikisoma insha bora mbele ya wote. Mazoea.

Alhamisi, 18 Oktoba

Tindi amenigombeza.

"Shosho, hii si paredi ya shule. Mtu hapa asitaje kwao wala kazi yake. Jina la kubuni na salamu, basi."

Anataka pia tukate uhusiano na seva moja jirani ambako watu hukusanyika kutucheka. Kila seva ina wenyewe na sheria zake, lakini zinasomana. Tunachoandika kwetu kinafika kwao.

Nimekataa yote mawili. Nimesema tuwaandikie wasimamizi wao kwanza, wapewe nafasi ya kujieleza. Nimewaandikia kwa heshima. Nimeisoma tena barua yangu, nikaifurahia.

Jumanne, 30 Oktoba

Wamejibu. "Tutalichunguza suala hilo." Nimemwonyesha Tindi.

Besi anajiandaa kwa nyimbo za Krismasi. Ameniandikia: "Shosho, siku utaniskia nikishuka ile noti ya chini, dawa za presha utatupa." Nimecheka hadi kifua kikabana. Nilikuwa sijacheka tangu Septemba.

Daktari anasema moyo umechoka. Hakuna upasuaji. Mwende alitazama sakafu.

Ijumaa, 9 Novemba

Siwezi kuketi vizuri. Nitaandika tu.

Utambulisho wa Besi uko kwenye ile seva. Wameunakili wote, neno kwa neno. Mtu kauliza: nani anamjua mlinzi wa Kapsabet anayeimba besi Doha? Nikadhani hakuna atakayejua. Kabla sijamaliza uji jina lilikuwa limeandikwa. Jina lake kamili. Halafu picha ya kwaya, uso wake umezungushiwa duara.

Nimefuta chapisho kwetu. Tindi amekata uhusiano nao bila kuniuliza. Amenieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Tukifuta kwetu, seva nyingine hupata ombi la kufuta tu. Anayetaka hufuta. Asiyetaka anabaki na nakala yake. Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo siku ya kwanza. Sikusikiliza. Nilidhani kufuta ni kufuta, kama ubao na kifutio.

Nimewaandikia tena wale wasimamizi. Kimya.

Jumatatu, 12 Novemba

Besi ametuma ujumbe wa faragha. Wenzake chumbani wametoa godoro lake wakaliweka koridoni. Mkuu wa kwaya kamwambia apumzike kwanza. Sasa msimamizi wake kazini ameanza kuuliza maswali, na hapa maswali ya namna hiyo hayaishii kazini. Anataka kuondoka kabla hayajafika polisi. Lakini picha imeshafika kwao Kapsabet pia.

Mwisho ameandika: "Si wewe, Shosho. Lakini uliniambia niandike vizuri."

Nimeusoma mstari huo siku nzima.

Jumatano, 21 Novemba

Tindi amebadilisha sheria. Mgeni anapewa salamu na haulizwi lolote. Machapisho ya wageni hayatoki nje ya seva yetu. Seva inayotucheka inakatwa kwanza, mazungumzo baadaye. Ni sheria nzuri. Angeziweka Oktoba kama si mimi.

Nimemwambia najiuzulu. "Shosho, usinipigie hiyo siasa," akasema kwenye simu, sufuria zikigongana nyuma yake. "Bado kuna ripoti. Soma ripoti." Nimezisoma. Nimefungia watu.

Nina jambo ambalo sijaliandika popote. Niliwataka wote wajitambulishe. Mimi sikujitambulisha hata mara moja. Nilikaa nyuma ya jina la Shosho kama mtu wa heshima anayewasaidia vijana wenye shida zao. Si zao. Niliishi na Rael miaka yote ile katika nyumba ya walimu kule Iveti. Mwende alikua akimwita Anti. Nilimpenda Rael kuliko nilivyompenda baba yake Mwende, Mungu anisamehe, na yeye pia anisamehe. Nilipomzika nilisimama safu ya tatu, pamoja na walimu wengine.

Nilijua hatari ilivyo. Ndiyo sababu nilinyamaza maisha yangu yote. Kisha nikamwambia kijana wa watu aseme, nikamsifu, nikambandika juu. Nadhani nilitaka kuona mtu akifanya nilichoshindwa. Huo si ujinga wa mzee asiyejua mitambo. Ni kitu kibaya zaidi.

Jumapili, 2 Desemba

Besi ameondoka. Tindi alimtafutia mtu wa kumpokea Nairobi. Amefika. Mama yake hapokei simu. Akaunti yake ameifunga.

Nimemwomba Tindi namba yake. Nataka kumwomba msamaha kabla sijafa. Amekataa.

"Shosho, mwache. Msamaha huo ni wako, si wake. Akitaka atakutafuta."

Nilikasirika hadi adhuhuri. Kisha hasira ikaisha. Yuko sahihi. Ningekuwa nimemtaka aandike tena, safari hii anisamehe vizuri.

Sipumui vizuri nikilala chali. Mwende ameniwekea mito mitatu.

Ijumaa, 7 Desemba

Majirani wa chini wametoka kwenda ibada. Walikuwa wakiimba wimbo wa Krismasi kwenye ngazi. Sauti nyembamba tupu. Hakuna aliyeshika ya chini.

Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 15 Desemba

Mwende yuko nyumbani leo. Alikuwa akinikanda miguu kwa mafuta, kutoka vidoleni kwenda juu, wanavyofundishwa. Televisheni ilikuwa imezimwa.

Nikamwambia, "Nataka kujitambulisha."

Akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Akanigusa paji la uso. Nikaendelea kabla sijaogopa. Nikataja jina langu lote. Kwetu Iveti. Nilikuwa mwalimu. Nilimpenda Rael, naye alinipenda, na hatukuwa marafiki tu.

Mikono yake ikasimama mguuni.

"Anti Rael?"

"Ndiyo."

Nje lori la maji lilikuwa likirudi nyuma kwa mlio wake.

"Mliniambia mnalala chumba kimoja kwa sababu ya baridi," akasema.

"Kulikuwa na baridi pia."

Hakucheka. Hakuondoka. Alichukua chupa, akamimina mafuta tena kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua mikono. Sijui anawaza nini. Sikumwuliza. Hakuna nakala ya maneno yale popote, ila hapa na ndani yake, na ndani yake ni pake.

"Lete mguu huu mwingine, Mama," akasema.

Nikampa.