Breki Zote Upande wa Kushoto

Jumatatu, 6 Machi 1995

Vifungo vya shati, dakika kumi. Kamba za viatu bado zinanishinda. Rhoda alinifunga kabla ya kwenda sokoni. Mke kupiga magoti kumfunga mumewe viatu. Nilitazama ukutani.

Miezi saba sasa tangu mashine ya kiwandani ichukue vidole vinne vya mkono wangu wa kulia. Kimebaki kidole gumba. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto wa nasari.

Fidia imetoka. Rhoda anataka tununue cherehani. Mimi nataka baiskeli ya mashindano. Miaka tisa nimeshindana kwa baiskeli za kuazima. Nikikosa na hii, sijui mimi ni nani.

Jumamosi, 11 Machi

Eastleigh. Duka la baiskeli zilizotumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo. Mwenye duka aliuona mkono, akanipeleka moja kwa moja kwenye baiskeli ya akina mama yenye kikapu mbele. Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nilimwambia nataka zile za juu, zilizoning'inizwa. Zilikuwa tatu. Nyekundu inang'aa, lakini fremu ndefu mno kwangu. Nyeupe ina ufa pale chini karibu na pedali, umepakwa rangi ili usionekane. Ya kijani imechubuka kila mahali, lakini imenyooka. Niliinua kwa kushoto. Nyepesi. Nikaikalia. Kiti, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, kila kitu kilinikaa.

Halafu mkono wa kulia ukateleza kwenye usukani. Hauna cha kushikia. Mwenye duka akajifanya anapanga matairi.

Nimeinunua ya kijani. Sina furaha.

Jumanne, 14 Machi

Mtaa wa Tena, kwa Musyoka. Ndiye fundi wa baiskeli wa mtaa huu. Zamani alikuwa mchongaji vinyago, mpaka kifua kikakataa vumbi la mbao. Hasemi sana.

Aliniambia nifungue kitambaa nilichofungia mkono. Hakuna mtu wa nje niliyewahi kumwonyesha. Hata Rhoda simruhusu. Nausafisha mwenyewe bafuni, mlango nimefunga. Nilifungua. Musyoka akaugeuza mkono huku na huku kama anachagua gogo.

"Huu hautashika," akasema. "Utaegemea tu. Kazi yote ni ya kushoto."

Mpango wake ni huu. Breki zote mbili, mbele na nyuma, zivutwe na mkono mmoja wa breki, upande wa kushoto. Gia pia kushoto. Kulia atachonga kishikio cha mti, chenye shimo la kidole gumba, akifunge kwenye usukani.

Niliona haya njia nzima kurudi nyumbani.

Ijumaa, 17 Machi

Hakuna. Nimekaa kitandani mchana kutwa. Mkono unawasha pale ambapo vidole havipo.

Jumapili, 19 Machi

Rhoda aliporudi kanisani aliniuliza kama bado nina wazo la kuendesha ile baiskeli. Nikasema ndiyo. Akasema, "Baba Nekesa, hiyo kitu itaniletea maiti hapa."

Nikamjibu heri mashine ingenichukua mzima.

Alikuwa amebeba sufuria. Aliiweka chini taratibu, akatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Nashukuru Nekesa yuko Bungoma kwa nyanya yake, hakusikia. Lakini nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumamosi, 25 Machi

Nimeanguka.

Musyoka alimaliza jana. Breki zimekaa kushoto, waya mbili zimeungana kuwa moja. Kishikio cha mvule, kimepigwa msasa, kizuri kama kitu cha kuuzia watalii. Asubuhi nikaenda Rabai Road. Dakika mbili za kwanza nilikuwa mtu. Upepo usoni, miguu inakumbuka. Mbele kukawa na shimo. Nilivuta breki, gurudumu la mbele likashika kabla ya la nyuma, kidole gumba kikachomoka kwenye mti. Nikatua kwa kidevu.

Watu wakanizunguka. Jamaa mmoja akasema, "Huyu msee amechizi, na huo mkono?" Mama muuza maembe akanipa maji. Nilisukuma baiskeli hadi zahanati. Nyuzi tano.

Rhoda aliona bandeji. Alikwenda kupika.

Jumanne, 28 Machi

Nilimrudishia Musyoka baiskeli. Nikamwambia aiuze, auze na kishikio chake, sitaki kuviona.

"Sitauza," akasema. "Ukitaka kuitupa, itupe mwenyewe. Lakini kosa ni langu. Nilichonga kiganja kizuri. Sikuchonga chako."

Nilimwacha anaongea.

Siku tatu sijanyoa. Sioni sababu.

Jumamosi, 1 Aprili

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Rhoda alikuwa akikanda unga wa chapati. Akakata donge kubwa, akaliweka mezani mbele yangu. "Weka mkono hapa."

Nikauliza wa nini.

"Nilikwenda kwa fundi Alhamisi. Anasema mti haukukufaa kwa sababu hukumwambia panapouma. Mimi nikamwambia hata mimi sijui, hunionyeshi. Weka mkono."

Nilisema si alikuwa anaogopa maiti.

"Naogopa ukianguka," akasema. "Lakini ukikaa hapa ndani hivi, naogopa zaidi."

Nikafungua kitambaa. Nikabonyeza mkono kwenye unga. Aliubana kwa viganja vyake viwili, polepole, mpaka unga ukaingia kila mahali. Aliniuliza hapa panauma? Na hapa? Nikamwambia. Kuna mfupa unaochomoza pale kilipokuwa kidole cha shahada. Sikuwa nimemtajia mtu yeyote. Nililia. Yeye hakulia.

Alilifunika donge kwa kitambaa chenye maji, tukalipeleka Tena pamoja, Musyoka achonge kwa alama hiyo.

Alhamisi, 6 Aprili

Kishikio kipya kimekuwa tayari. Si kizuri, kina mabonde na vilima, lakini mkono umelala ndani. Breki nazo Musyoka amezirekebisha, ya nyuma inashika kwanza.

Nikajidanganya. Nikaenda Buruburu kwa katibu wa klabu yetu kujiandikisha kwa mashindano. Alinikaribisha chai. Alisifu kazi ya fundi. Kisha akasema hapana. Nikifunga breki ghafla katikati ya kundi nitaangusha watu ishirini. Tumeshindana naye miaka yote hiyo, hakuwa na ubaya.

Anasema kweli. Hiyo ndiyo sababu siwezi hata kumchukia.

Basi yamekwisha. Miaka tisa imeishia sebuleni kwa mtu, kikombe mkononi.

Jumapili, 9 Aprili

Nimetoka asubuhi na baiskeli. Sijui kwa nini. Kangundo Road, kuelekea Ruai. Barabara ilikuwa na maji ya mvua pembeni.

Baada ya Komarock klabu ikanipita. Watu kumi na wawili hivi, wamebanana. Wawili waliniita kwa jina. Nilijitahidi kuwafuata, nikashikamana na gurudumu la mwisho labda dakika tatu. Kisha pengo likafunguka, likawa kubwa, wakapotea kwenye kona. Zamani ningeumia kwa hasira. Leo kulikuwa na uzito tu kifuani, ule ule wa kila siku.

Sikugeuza. Niliendelea peke yangu, kwa gia nyepesi. Kulikuwa na ng'ombe barabarani, nikafunga breki, baiskeli ikasimama. Nikangoja wapite.

Nilipofika nyumbani Rhoda alikuwa mlangoni anamenya viazi.

"Umefika wapi?"

"Ruai."

"Ni mbali?"

"Si sana."

Akasogea kidogo kwenye ngazi, nikakaa. Nilikuwa na njaa.