Hewa Iliyoingia Chini ya Mbao

Baba Akoth,

Magugu ya ziwa yamefika hadi pale ulipokuwa ukifunga boti. Asubuhi nyingine ufuo wote ni kijani, wavuvi wanayasukuma kwa miti ndipo wapate njia. Akoth anatembea sasa. Kila mwanamume mwenye ovaroli kama yako, yeye humwita baba, nami sijui nitazame wapi.

Nilikuwa nimeapa sitaigusa boti yako tena. Lakini maneno yalinizidi. Hapa Usenge walisema ulitoka bila dizeli ya kutosha, ndiyo maana injini ilizima katikati ya maji. Mzembe, walisema. Wewe! Ouma, mwenzako aliyerudi hai pamoja na boti, akisikia hayo alikuwa akiinamisha kichwa tu. Mimi aliniambia mara moja, akilia: upepo ulikuwa ukiwasukuma kwenye miamba, nawe umepiga magoti juu ya injini, unalegeza nati, unamwambia, "Piga pampu, Ouma, usiache." Wimbi likapiga ubavuni. Alipoinua macho hukuwepo.

Basi nikamwambia twende tukaitazame. Nilivaa suruali yako. Tanki lilikuwa na dizeli zaidi ya nusu. Nilikaa pale pale nikalia.

Injini iliwaka vizuri, lakini tulipoongeza kasi ikakohoa, ikazima. Na hakukuwa na tone hata moja la dizeli chini ya paipu yoyote. Nilikwenda Kisumu kwa Bwana Hamisi, fundi aliyekufundisha kazi. Akasema, "Pole sana, mama. Usitafute panapovuja nje. Pampu inavuta, kwa hiyo hewa ndiyo inaingia." Akanipa kipande cha paipu inayoonyesha ndani.

Tulikiunga kabla ya pampu, tukaona mapovu yakipita kama ushanga. Tukavuta dizeli moja kwa moja kutoka kwenye jerikani, mapovu yakakoma. Basi kasoro ilikuwa kati ya tanki na pampu. Tuling'oa mbao za sakafu. Paipu ya mpira ilikuwa imepasuka chini ya klipu, ufa mwembamba kama unywele. Katika mawimbi yale ungeng'oaje sakafu, mume wangu? Ulikuwa ukiitoa hewa hapa kwenye nati, nayo inaingia tena nyuma yako.

Tulifunga paipu mpya. Nikalegeza nati ya filta ili hewa iliyobaki itoke, Ouma akapiga pampu ya mkono. Nikakumbuka siku ile ufuoni Luanda Kotieno, nina mimba ya Akoth, nimeketi juu ya gunia nikikuangalizia nati huku wewe unapiga pampu. "Mapovu yamekwisha, mama?" Nikasema yamekwisha. Ukacheka. "Bado. Ngoja, kuna moja la mwisho." Likaja kweli. Safari hii nililingoja peke yangu, na lilipotoka niliendelea kuitazama ile nati, hata Ouma akaichukua spana akakaza yeye.

Tulivuka hadi Mbita na kurudi, haikuzima. Waliokusema walikuwa wamesimama ufuoni. Ouma akawapa ile paipu mbovu, ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akavua kofia. Nilidhani nitafurahi. Nilifika nyumbani nikajilaza kifudifudi upande wako wa kitanda. Jina lako limesafika, na bado hupo. Afadhali ungekuwa mzembe wa kweli, wakuseme mpaka wachoke, lakini uje kula.

Boti nimempa Ouma aiendeshe. Mimi siwezi kuketi ndani yake nikiyatazama maji yale.

Oriti, kwaheri, Baba Akoth. Lala sasa, umechoka. Akoth hataukumbuka uso wako, na hilo sina spana ya kulitengeneza. Lakini habari zako hatazisikia kwanza kwa watu wa ufuoni. Atazisikia kwangu, zote, hata zile za kunichekesha. Nakuahidi.

Mimi wako,
Nyar Kombewa